Nuru Iliyorefuka: Fasili na Istilahi katika Elimu ya Ulimwengu



1.0 Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu wa hadhara. Wengi wenu bila shaka mlitarajia kwamba ningezungumzia lahaja za pwani ya kusini, kazi iliyonishughulisha kwa zaidi ya miaka 30. Badala yake nimechagua kuzungumzia istilahi moja ya wanaastronomia. Naomba mnivumilie niwaeleze sababu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilwa Kivinje. Mjukuu wa ndugu yangu, anayesoma kidato cha tano mjini Lindi, alinijia barazani akiwa na kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Baada ya kuniamkia, aliniomba nimtafsirie istilahi inayohusu nuru ya galaksi za mbali. Nilimjibu bila kufikiri sana kwamba kwa Kiswahili tungesema "mhamo mwekundu". Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Babu, kwa hiyo kilicho chekundu ni mhamo?" Nikamweleza kwamba sivyo, kwamba nuru inahama kuelekea rangi nyekundu kwa sababu galaksi zinatukimbia. Akauliza tena: "Na nuru ambayo tayari ni nyekundu, babu, hiyo inahamia wapi?"

Sikuwa na jibu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati moja ya istilahi, na fasili niliyompa binti yule ndiyo fasili niliyoiunga mkono mimi mwenyewe. Tuliipitisha kwa dakika chache. Kila mmoja wetu aliona kuwa inasomeka vizuri, na hakuna aliyeuliza kama ni ya kweli. Mhadhara huu basi ni wa kujisahihisha kabla ya kuwa wa kuwafundisha wengine.

Hoja yangu ni moja. Fasili ya istilahi ya kisayansi haina budi kutaja kwanza kile kinachopimwa. Kile kinachodhaniwa kuwa chanzo chake, hata kama dhana hiyo ina ushahidi wa kutosha, kielezwe kwa sentensi yake yenyewe. Nitajaribu kuonyesha kwamba fasili zilizozoeleka za istilahi hii huchanganya mambo hayo mawili, na kwamba Kiswahili, katika maumbo ya vitenzi vyake, kina nyenzo ya kuyatenganisha.

2.0 Kinachoonekana na kinachodhaniwa: mfano wa Kilwa

Kabla ya kufika kwenye galaksi, naomba tuanze na jambo la nyumbani. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba. Sarafu hizo zina jina la sultani na maneno machache ya kumsifu Mungu, lakini kwa kawaida hazina mwaka. Jina tunalisoma kwenye shaba. Umri hatuusomi, tunaukadiria kwa kulinganisha sarafu na tabaka za udongo zilimofukuliwa, pamoja na orodha za watawala zilizohifadhiwa katika tarikh ya Kilwa. Ndiyo maana wanahistoria hawabishani sana juu ya yaliyoandikwa kwenye sarafu, bali hubishana kwa miaka mingi juu ya tarehe zake.

Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Pamoja nazo zilikuwamo sarafu za Kiholanzi za karne za baadaye sana. Kuwapo kwa sarafu hizo pale ni jambo lililoonekana. Kwamba Waswahili walisafiri hadi Australia ni dhana. Huenda walifika, huenda pia sarafu zililetwa na mabaharia wengine, karne nyingi baada ya kufuliwa. Sasa fikirini mhifadhi wa makumbusho angeandika kwenye kibandiko: "Sarafu za safari ya Waswahili kwenda Australia." Asingekuwa ameandika uongo ulio wazi, lakini angekuwa ameliingiza jibu ndani ya jina la kitu. Kila mtoto atakayesoma kibandiko hicho atadhani kwamba safari ilionekana kama sarafu zilivyoonekana.

Wavuvi wa Kilwa na Lindi ni waangalifu zaidi katika jambo hili. Wanaita bamvua wakati ule ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na wanaita maji mafu wakati ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Wanafahamu vyema kwamba bamvua hufuatana na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kila nahodha huhesabu siku zake kwa mwezi. Hata hivyo, anayesema bamvua anataja hali ya maji, nayo hata mtoto aliyesimama ufukweni anaweza kuikagua. Maelezo ya chanzo yakibadilika, jina halitatikisika.

3.0 Ni nini hasa kinachopimwa?

Tuje sasa kwenye nuru. Kila elementi ina mistari yake katika spektra, nayo hukaa mahali maalumu kama alama za vidole. Hidrojeni, kwa mfano, ina mstari ambao katika maabara una urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, nao ni mwekundu. Mwanaastronomia akichunguza nuru ya galaksi ya mbali, huikuta mistari ya hidrojeni ikiwa na mpangilio uleule aujuao, ila urefu wa kila wimbi umezidishwa kwa namba moja. Tuseme mstari wa 656.3 umepokewa ukiwa na nanomita 721.9. Tofauti ni nanomita 65.6. Tofauti hiyo ikigawanywa kwa urefu wa awali, jibu ni takriban 0.1. Namba hiyo wanaastronomia huiandika kwa herufi z.

Hayo tu ndiyo yanayopimwa. Ndani ya hesabu hiyo hamna kasi, hamna umbali, na hamna rangi. Kuna urefu wa wimbi uliopokewa, urefu wa wimbi uliotolewa, na uwiano kati yake. Aidha, hata urefu uliotolewa hatukuwapo kuupima kule kwenye galaksi. Tunautambua kwa kuwa mpangilio wa mistari ni uleule wa maabara. Hiyo nayo ni hatua ya fikra, ila ni hatua fupi na inayokaguliwa upya kila mistari miwili au mitatu ya galaksi moja inapotoa namba moja.

Kama vitabu vyote vingekomea hapo, nisingekuwa na mhadhara wa kutoa. Tatizo ni jina, na yale yanayoongezwa kwenye fasili ili jina lieleweke.

4.0 Kasoro ya "wekundu"

Swali la pili la binti yule lilikuwa sahihi kabisa. Mstari mwekundu wa nanomita 656.3, ukitoka katika galaksi yenye z ya 1, hutufikia ukiwa na nanomita 1,312.6. Huko ni mbali nje ya rangi zinazoonekana kwa macho. Nuru hiyo haikuhamia kwenye wekundu. Imeuacha wekundu nyuma. Mstari mwingine mashuhuri wa hidrojeni una nanomita 121.6, nao hauonekani kwa kuwa uko ng'ambo ya urujuani. Ukitoka katika galaksi yenye z ya 3 hutufikia ukiwa na nanomita 486.4, ambayo ni rangi ya buluu inayokaribia kijani. Basi hapa tuna nuru ambayo, kwa jina, imehamia kwenye wekundu, lakini kwa macho imekuwa buluu. Hidrojeni hutoa pia wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Likitoka katika galaksi yenye z ya 1 hupokewa likiwa na sentimita 42. Wimbi la redio halijapata kuwa na rangi.

Neno "wekundu" limebaki kwa sababu ya historia. Wachunguzi wa mwanzo walifanya kazi na nuru inayoonekana na namba ndogo sana za z, na katika mipaka hiyo upande wa mawimbi marefu ni upande wa wekundu. Kwao neno lilikuwa ishara ya mwelekeo, kama mtu wa Lindi anavyoweza kusema "upande wa Mtwara" bila kumaanisha kwamba atafika Mtwara.

Kiswahili kinalifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi. Katika lugha yetu vivumishi vya rangi vinavyopokea upatanisho wa ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunazitaja kwa vitu au kwa maneno ya kukopa, kama vile kijani, kahawia na buluu. Kwa kuwa -ekundu hupatana na nomino yake, "mhamo mwekundu" humwambia msikilizaji wazi kwamba mhamo wenyewe ni mwekundu. Upatanisho hauachi nafasi ya tafsiri nyingine. Swali la kwanza la binti yule halikuwa mzaha, bali uchanganuzi wa sarufi ulio sahihi. Tunaweza kurekebisha kwa kusema "mhamo wa kuelekea wekundu", lakini tutakuwa tumesahihisha sarufi na kuliacha kosa la fizikia palepale.

5.0 Kasoro ya "kasi"

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu haimo katika jina bali katika fasili. Kuna fasili inayosema kwamba jambo hili ni kipimo cha kasi ambayo kwayo galaksi zinatukimbia. Hiyo ndiyo niliyoiunga mkono.

Tutazame inakotupeleka. Njia nyepesi ya kupata kasi ni kuzidisha z kwa kasi ya nuru. Galaksi yetu yenye z ya 0.1 itapewa takriban kilomita 30,000 kwa sekunde. Lakini wanaastronomia wa redio, ambao kwa desturi hupima idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde na si urefu wa wimbi, wamekuwa na kanuni yao: huchukua upungufu wa idadi hiyo na kuugawanya kwa idadi ya awali. Kwa kanuni hiyo galaksi ileile itapewa takriban kilomita 27,300 kwa sekunde. Galaksi ni moja, nuru ni moja, z ni moja, kasi ni mbili. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kila mmoja amefuata fasili yake, na asiyejua kwamba fasili ni mbili atadhani kuna ugomvi wa vipimo.

Tena, mwaka 2024 ilitangazwa galaksi iliyochunguzwa kwa darubini ya anga ya James Webb ambayo z yake ni zaidi ya 14. Kwa kuzidisha kule kwepesi, kasi yake ingekuwa zaidi ya mara 14 ya kasi ya nuru. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hakuna kinachopita nuru atabaki na mawili: ama adhani wanasayansi wanajipinga, ama akariri bila kuelewa. Nuru iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga ina z ya takriban 1,100. Huko neno "kasi" halimsaidii mtu yeyote.

Kwa hakika, mawimbi yanaweza kurefuka kwa namna tatu. Ya kwanza ni mwendo. Mvuvi anayelipa kisogo wimbi na kwenda nalo hupigwa na mawimbi machache zaidi kuliko aliyetia nanga. Vivyo hivyo chombo cha nuru kikienda mbali nasi, mawimbi yake hutufikia kwa nafasi kubwa zaidi. Ya pili ni uvutano: nuru inayopanda kutoka penye uvutano mkubwa hurefuka. Jambo hili Robert Pound na Glen Rebka walilithibitisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa majaribio waliyoyatangaza mwaka 1960, ndani ya mnara ambao miale yao ilisafiri mita 22.5 tu. Ya tatu ni kupanuka kwa ulimwengu wakati nuru imo safarini. Chukua mpira wa manati, utie alama za wino, kisha uuvute: nafasi zote kati ya alama huongezeka kwa uwiano mmoja. Kwa maelezo hayo, galaksi yenye z ya 1 imetuletea nuru iliyotoka wakati ambapo nafasi kati ya galaksi za mbali zilikuwa nusu ya zilivyo leo.

Darubini haitenganishi namna hizo tatu. Hupokea namba moja, ambamo umo mwendo wa galaksi yenyewe kati ya jirani zake, uvutano wa pale nuru ilipotoka, kupanuka kwa ulimwengu, na hata mwendo wetu sisi, kwa kuwa Jua linakwenda takriban kilomita 370 kwa sekunde likilinganishwa na ile nuru kongwe niliyoitaja. Michango hii haijumlishwi. Huzidishana, baada ya kila mmoja kuongezewa 1. Kwa hiyo ule mchango unaoitwa wa kikosmolojia hausomwi popote kwenye chombo. Hupatikana baada ya kutoa mingine kwa hesabu. Fasili inayosema kwamba "tunapima" kupanuka kwa ulimwengu moja kwa moja imeruka hatua.

Wanafizikia wenyewe hawajamaliza mjadala wa maneno haya. Mwaka 2009 Emory Bunn na David Hogg walichapisha makala wakitetea kwamba ni halali kabisa kuueleza mchango huo wa tatu kwa lugha ya mwendo, na kwamba picha ya mpira unaovutwa inaweza kupotosha. Wengine wanapendelea mpira. Pande zote mbili hutumia milinganyo ileile na hupata z ileile. Wanachobishania ni simulizi inayoizunguka namba.

Hapa naomba nieleweke vyema. Kuihoji fasili si kuukana upanukaji wa ulimwengu. Mwaka 1929 Fritz Zwicky alitoa dhana kwamba huenda nuru huchoka njiani na kupoteza nishati. Dhana hiyo ilijibiwa kwa vipimo. Nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali huonekana zikififia polepole zaidi kuliko za karibu, na muda wao umeongezeka kwa uwiano uleule ambao mawimbi yao yamerefuka. Nuru iliyochoka tu isingerefusha muda wa mlipuko. Lakini tazameni: ushahidi huu una nguvu kwa sababu z ilifasiliwa bila kutaja chanzo. Kama fasili ingekuwa tayari imesema "kupanuka", swali la Zwicky lisingeweza hata kuulizwa kwa maneno yaliyopo, na jibu lake lisingekuwa na thamani.

6.0 Funzo kutoka katika historia ya majina

Historia ya jambo hili ina funzo kwa watu wa lugha. Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa katika kituo cha Lowell huko Arizona, alipima nuru ya Andromeda. Alikuta mawimbi yake yamefupika, kana kwamba inatujia kwa takriban kilomita 300 kwa sekunde. Galaksi nyingi alizozipima baadaye zilionyesha kinyume chake. Mwaka 1927 padri Mbelgiji Georges Lemaître aliandika kwa Kifaransa makala yaliyohusisha vipimo hivyo na ulimwengu unaopanuka, akakadiria na kiwango cha upanukaji. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha uhusiano kati ya umbali na kasi, ukapewa jina lake.

Makala ya Lemaître yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 1931, na sehemu iliyokadiria kiwango cha upanukaji haikuwamo. Wako waliodhani kwamba kuna mkono uliotaka kumficha. Mwaka 2011 Mario Livio alionyesha kwa barua ya Lemaître mwenyewe kwamba mfasiri alikuwa ni Lemaître, naye ndiye aliyeiacha sehemu hiyo kwa kuona imepitwa na wakati. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipendekeza sheria hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître. Aya chache zilizoachwa katika tafsiri moja zilichangia kuliweka jina la mtu pembeni kwa zaidi ya miaka 80. Asije mtu akatuambia kwamba kazi ya mfasiri ni ndogo.

Kuhusu Hubble, yako makosa ya kumnasibisha na yale ambayo hakuyasema. Katika barua yake ya mwaka 1931 kwa Willem de Sitter alieleza kwamba yeye na Milton Humason waliziita kasi hizo "za kuonekana" makusudi, ili kusisitiza kwamba wanaripoti vipimo, na tafsiri ya vipimo wanawaachia wengine. Aliyeutengeneza mchoro maarufu alikuwa mwangalifu. Walioandika fasili baada yake ndio walioliondoa neno la uangalifu.

7.0 Kauli ya kutendeka na istilahi ninayoipendekeza

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu. Tulinganishe sentensi mbili: "Kikombe kimevunjwa" na "Kikombe kimevunjika." Ya kwanza inadai mtenda, hata asipotajwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Ya pili inataja hali iliyofikiwa na kunyamaza. Sarufi hairuhusu hata kumwongeza mtenda: hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Watoto wote wa Kiswahili wanaijua nguvu ya tofauti hii tangu siku ya kwanza wanapoitwa kueleza habari za kikombe.

Kutokana na kivumishi -refu tuna kitenzi refuka, yaani kuwa -refu, na refusha, yaani kufanya kuwe -refu. Kutokana na -fupi tuna fupika na fupisha. Wanasarufi watanikumbusha kwamba -ka ya refuka imetokana na kivumishi, na si sawa kwa kila hali na -ika ya vunjika iliyotokana na kitenzi. Nakubali. Hata hivyo, zote mbili zinafanana katika jambo tunalolihitaji: hazina mtenda. "Nuru imerefuka" ni taarifa ya kipimo. "Nuru imerefushwa na upanukaji wa ulimwengu" ni taarifa ya kipimo pamoja na nadharia. Silabi chache zinatenganisha kinachoonekana na kinachodhaniwa, na mzungumzaji hahitaji maelezo ya pembeni ili aione tofauti.

Kutoka kwa vitenzi vya namna hii Kiswahili huunda nomino za m-...-o: inuka hutoa mwinuko, teremka hutoa mteremko, pasuka hutoa mpasuko. Mwinuko una manufaa ya pekee kwetu kwa sababu tayari ni jina la kiasi kinachopimwa. Tunasema mwinuko wa Kilimanjaro ni mita 5,895, na hakuna anayeuliza ni nani aliyeinua. Kwa utaratibu huohuo, refuka itatupa mrefuko na fupika itatupa mfupiko. Napendekeza basi fasili hii:

Mrefuko (alama yake z): tofauti kati ya urefu wa wimbi lililopokewa na urefu wa wimbi hilo lilipotolewa, ikigawanywa kwa urefu wa wimbi lilipotolewa. Z ikiwa chini ya sifuri huitwa mfupiko.

Baada ya fasili hiyo, na chini yake, yafuate maelezo: kwamba mrefuko unaweza kutokana na mwendo, uvutano au upanukaji wa ulimwengu, na kwamba ile sehemu inayohesabiwa kuwa imetokana na upanukaji iitwe mrefuko wa upanukaji. Hivyo tutakuwa na istilahi mbili kwa dhana mbili: moja ya kitu kinachosomwa kwenye chombo, nyingine ya kitu kinachopatikana kwa hoja. Andromeda itakuwa na mfupiko wa takriban 0.001, na hakuna atakayetazamia kuiona ikiwa buluu.

8.0 Pingamizi

Naona pingamizi tatu. La kwanza ni kwamba afadhali tutohoe neno la Kiingereza, kama tulivyotohoa atomu na oksijeni. Utohozi ni njia halali, na Kiswahili kisingefika kilipo bila ya kukopa. Lakini neno la kutohoa ni sanduku lililofungwa. Hapa tunaye mwanafunzi anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Akipewa masanduku yaliyofungwa katika lugha zote mbili, hatakuwa na mahali pa kuanzia kufikiri.

La pili ni kwamba jina si kitu. Atomu kwa Kigiriki ni kitu kisichogawanyika, nayo imegawanywa, sayansi haikuharibika. Ni kweli. Ila Kigiriki hicho hakuna anayekisikia ndani ya neno atomu. Neno la Kiswahili lililoundwa kwa mizizi ya Kiswahili husikika lote, hata kwa mtoto anayelikuta mara ya kwanza. Hiyo ni fadhila kubwa ya istilahi zetu, na ni hatari yake pia. Jina lenye kosa linapoeleweka vizuri, kosa nalo linaeleweka vizuri.

La tatu ni kwamba tutajitenga na ulimwengu, kwa kuwa mataifa mengine husema wekundu. Alama z itabaki ileile, na kamusi yoyote inaweza kutaja kwamba katika lugha nyingine jambo hili hupewa jina la wekundu na kwa nini. Hatudaiwi kulirithi kosa la kihistoria kwa sababu tu wenzetu wamelizoea. Tuliochelewa kuunda istilahi tuna faida moja: tunaweza kusoma historia ya wenzetu kabla ya kuchagua.

9.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba z ni uwiano wa urefu wa mawimbi. Kwamba wekundu na kasi vimeingizwa katika jina na fasili yake kutoka nje. Na kwamba umbo la refuka linatuwezesha kusema tulichokipima bila kusema zaidi. Kwa wanafunzi wa isimu mlio hapa, natoa ombi moja. Mtakapoketi katika kamati za istilahi, na mtaketi, kwa kila fasili ulizeni: ni maneno gani humu mtu anaweza kuyakagua kwa chombo, na ni yapi anayakubali kwa sababu ya hoja? Sisi hatukuuliza. Ingetuchukua nusu saa zaidi.

Kabla ya kuondoka Kilwa nilimwita binti yule nikamwambia kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba ajaribu kusema hivi: nuru ya galaksi ile imerefuka. Aliirudia sentensi mara moja, kisha akauliza: "Babu, imerefushwa na nini?" Hilo ndilo swali ambalo wanaastronomia wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja. Fasili yangu ya zamani ilikuwa imemjibu kabla hajaliuliza. Safari hii tulikaa barazani na mpira wa manati wa kaka yake, tukatia alama za wino, tukazungumza hadi adhana ya magharibi.